TAHADHARI: Buti za milimani "mpya, hazijavaliwa" ambazo soli zimeshakufa

Wadau, kuna wauzaji wanaokusanya buti za ngozi zilizolala stoo miaka mingi, wanazipaka mafuta, wanazing'arisha, kisha wanazitangaza kuwa mpya. Kwamba hazijavaliwa ni kweli. Lakini soli inaweza kuachia siku ya kwanza tu ukizivaa, na ukiwa mteremkoni hasara si ya pesa peke yake, unaweza kuvunjika mguu.

Tatizo ni soli ya kati, ile sponji iliyo baina ya ngozi na raba ya chini. Buti nyingi za kupandia milima zina sponji ya poliyurethani. Unyevu wa hewa huivunjavunja polepole hata kiatu kikiwa ndani ya boksi, na joto la stoo huharakisha. Mara nyingi huchoka kati ya miaka 5 na 10 tangu itengenezwe, ivaliwe isivaliwe. Ngozi ya juu inaweza kubaki nzuri kabisa, na hapo ndipo watu wanapoingizwa mjini.

Kabla hujatoa hela, omba picha ya lebo iliyo ndani ya ulimi wa kiatu. Mara nyingi tarehe ya kutengenezwa huwa pale. Akisema lebo imekatika, achana naye. Kiatu kikiwa mkononi, bonyeza sponji pembeni kwa ukucha wa kidole gumba, hasa kisiginoni. Iliyo nzima hurudi palepale. Iliyokufa hubaki na alama, hunata, au humeguka kama keki kavu. Kisha shika ncha na kisigino, ukikunje kwa nguvu huku ukitazama kama mistari ya nyufa inafunguka. Futa pembeni kwa kitambaa cheupe chenye maji kidogo: rangi ikitoka kwa wingi, kuna kitu kimefunikwa. Na ukiona gundi inayong'aa imevuka ukingo wa raba, soli hiyo ilishabanduka ikarudishiwa.

Ngozi iliyokauka ikijazwa mafuta hulainika kwa muda, ila nyufa za pale vidole vinapokunjia haziponi. Zipanue uone zimeingia kina gani.

Umeshanunua? Usikubali kupigiwa gundi. Gundi itashika sponji inayomeguka, kisha itatoka nayo. Fundi aondoe sponji yote ya zamani na kuweka soli mpya, kushoto na kulia, maana umri wake ni mmoja: ikiachia moja, ya pili haiko mbali. Muulize kwanza kama buti hizo zinakubali kubadilishwa soli. Zile zilizomiminiwa soli moja kwa moja kwenye ngozi, nyingi hazikubali.

Kuweni macho na mahema na makoti ya mvua ya stoo pia. Ukikunjua ukakuta ndani kunanata na kuna harufu kali ya uchachu, utando wa kuzuia maji umeshaoza, na dawa ya kupulizia haiurudishi. Dai video muuzaji akilikunjua hema lote na kulibandua kitambaa kwa kitambaa. Picha ya hema lililokunjwa usiipokee.