TAHADHARI: anayeuza chasisi za guta za "chuma chepesi cha kisasa"

Jamani wenye maguta ya mizigo, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp anauza chasisi, anakwambia ni chuma chepesi cha kisasa, imara mara mbili ya hiki chetu, guta linakula mafuta kidogo, "bosi hii haikatiki". Jina simtaji. Mimi nilinunua, miezi minne tu ikakatika barabarani na simenti juu, na siku hiyo wala sikujaza, mifuko kumi tu, kilo 500!

Anavyotupata ni kwamba anapakia mzigo mzito mbele yako, chasisi inatulia tuli, unaona ok. Kumbe chuma kinachoka. Kila tuta kila shimo kinapinda kidogo kinarudi, maelfu kwa maelfu ya mara, ufa unaanzia ukingoni mwa weldi mdogo kama unywele na wewe unaendesha tu hujui. Fundi alinionesha palipokatika, upande mmoja una kutu ya siku nyingi, upande wa pili unang'aa.

Na hiyo "imara mara mbili" inakuwa kweli kama bomba la chasisi halijachomelewa. Ukishapiga weldi, kwenye kuchoka chuma hicho hakina tofauti ya maana na cha kawaida, halafu yeye kajibania kaweka geji 18, yani mm 1.2, pale pa mm 2. Bomba jembamba linaongeza mkazo kwenye weldi, na mkazo ukipanda mara mbili maisha yake hayabaki nusu, yanabaki kama sehemu moja ya nane, piga hesabu mwenyewe.

Chasisi zake nyingine ni za zamani zilizopasuka, kaziba ufa kwa pati kapuliza rangi. Nenda na sumaku, kwenye pati haing'ang'anii. Weldi usiyoiamini kwangua rangi, paka mafuta ya taa, subiri kidogo, futa pakauke kabisa, halafu paka unga wa chaki, kama kuna ufa mafuta yatatoka yachore mstari kwenye chaki. Mafundi wa zamani wanaijua hiyo.

Akikukatalia kukwangua rangi ondoka hapo hapo. Mimi alinikatalia, nikaona aibu kubishana mbele za watu, nikatoa laki sita zangu. Sasa hivi kaniblock, ila kwa simu ya shemeji nimeona jana kapost chasisi ya bluu, rangi pale kwenye vishikio vya springi imenona kuliko kwingine kote.