Sproketi za bodaboda: ukishahesabu meno, pima tundu

Waendesha boda wa Mbale na Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, wananiletea lalamiko lilelile: sproketi mpya (lile gurudumu la meno linaloshika cheni), cheni mpya, na mvua za msimu hazijaisha cheni imeanza kupiga kelele na kuruka meno. Dukani wote waliuliza idadi ya meno. Tundu la katikati hakuna aliyelitazama.

Tundu likitobolewa pembeni kidogo, sproketi inazunguka kama yai. Cheni inakaza upande mmoja, inalegea upande wa pili. Fundi akiikuta imelegea anaikaza hapohapo, kisha gurudumu likigeuka nusu cheni inavuta beringi na shafti ya gia kwa nguvu zote. Kwa hiyo pima kabla ya kulipa: chukua kijiti, pima kutoka ukingo wa tundu hadi shina la jino, pande nne. Vipimo visipolingana, irudishe. Ukishaifunga, simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, zungusha gurudumu taratibu, tafuta pale cheni ilipokaza zaidi, na hapo ndipo uache mchezo, yaani nafasi ya cheni kupanda na kushuka, wa sentimita 2 hadi 3.

Sasa meno. Chaguo langu la kwanza ni 14 mbele na 42 nyuma, yaani uwiano (meno ya nyuma kugawa kwa ya mbele) wa 3.0: mjini inatosha, na abiria mmoja hasumbui. La pili, kwa wa milimani Kapchorwa, Kabale na Kisoro, ni 14 kwa 45. Uwiano unafika 3.21, pikipiki inapanda na gunia la viazi bila kulia, ila huenda ukahitaji cheni yenye pingili mbili zaidi. Wengi hukimbilia 13 mbele na 42 ileile nyuma kwa sababu ni rahisi na uwiano ni karibu uleule, 3.23. Siipendi. Meno yakipungua, cheni inakunjwa zaidi kila inapopita, na inakwisha upesi. 15 kwa 42 ni ya barabara tambarare tu, kama Karuma hadi Gulu.

Kwa chapa, mimi ni Rolon ya India, seti nzima: mbele, nyuma na cheni pamoja. Zile za bei ya chini zisizo na jina, sina la kuzisemea.

Kinachoniudhi ni wauzaji wa Kampala wanaokataza boksi lisifunguliwe kabla ya pesa kutoka. Mtu anatoa kipato cha siku kadhaa, anapanda basi kurudi Mbale, anafungua nyumbani na kukuta boksi la Rolon lina chuma kisicho na chapa yoyote. Akirudi anaambiwa, "Ndugu yangu, bidhaa ikishauzwa hairudi." Boksi lifunguliwe kaunta, mbele ya mnunuzi, kijiti kikiwa mkononi.