Ufukwe uliomrudisha mama yangu majini: nyota 4 kati ya 5

Nimeshafika kwenye ufukwe huu mara nne, na kilichonipeleka mara ya kwanza sicho kinachonirudisha. Mara ya kwanza nilivutwa na picha, kama wengi wetu: mchanga mweupe na maji ya rangi mbili, kijani karibu na nchi kavu, buluu iliyokolea kule mbele. Picha ilisema kweli. Mchanga wa hapa ni wa matumbawe, laini kama unga uliochekechwa, na mchanga wa namna hii kwa sehemu kubwa hupita tumboni mwa pono, samaki anayeguguna matumbawe akitafuta mwani, kisha akayatoa yakiwa yamesagika. Pono mmoja mkubwa anaweza kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka. Lakini mchanga mweupe uko kwingi. Safari zote zilizofuata nimezifunga kwa ajili ya mama.

Mama ana miaka 71. Kiharusi kilimwacha na udhaifu upande wa kushoto miaka 6 iliyopita, na tangu hapo bahari kwake imekuwa kitu cha kutazama akiwa ndani ya gari. Aliyewahi kusukuma kiti cha magurudumu cha kawaida mchangani anajua ninachosema. Vile vigurudumu vidogo vya mbele vinazama hata hujapiga hatua tatu. Unakigeuza kiti, unakivuta kinyumenyume, jasho linakutoka, watu wanakodoa macho, na mwenye kiti anasema kwa sauti ya chini, "Basi, niache hapa hapa." Fukwe mbili nilizojaribu kabla ya huu ziliishia kwenye maneno hayo.

Hapa lami inapoishia ndipo mkeka unapoanzia. Ni mkeka mgumu wa plastiki, mpana kiasi cha viti viwili kupishana, nao unashuka moja kwa moja hadi kwenye mchanga wenye unyevu. Mwisho wa mkeka mgonjwa anahamishiwa kwenye kiti cha ufukweni. Magurudumu yake matatu ni manene, yamejaa upepo kama maboya, hivyo uzito unatawanyika na hayazami. Mikono ya kiti nayo inaelea. Vijana wawili wenye fulana nyekundu walikuja, wakamwamkia mama kwanza, ndipo mmoja akachuchumaa mbele yake akamuuliza, "Mama, upande gani una nguvu?" Hawakuniuliza mimi, walimuuliza mwenyewe. Kwangu swali hilo lina thamani kuliko picha zote za ufukwe huu.

Wakamsukuma hadi maji yakamfika magotini, kisha kiunoni, na kiti kikaanza kunyanyuka chenyewe. Wimbi dogo likapita chini yake. Nilikuwa nimemshika mkono wa kushoto, ule usiofanya kazi, na nikaona maji yakiufungua vidole kimoja kimoja vilivyozoea kukunjamana. Mama hakusema kitu. Alifumba macho tukakaa hivyo dakika nyingi, na wale vijana hawakutuharakisha.

Nizungumzie waokoaji, maana watu wengi huwapita bila kuwatazama. Eneo la kuogelea liko katikati ya bendera mbili, nyekundu juu na njano chini. Safari ya tatu niliona bendera zimehamishwa, nikamuuliza mwokoaji sababu. Akaninyooshea kidole: palikuwa na ukanda mwembamba ambao mawimbi hayakuvunjika, maji yametulia, yana rangi nzito kidogo. Ningeachiwa nichague, hapo hapo ndipo ningempeleka mama. Kumbe ule ni mkondo wa kuvuta. Maji yanayoletwa na mawimbi hutafuta njia ya kurudi baharini, na hupita pale penye kina, ndiyo maana wimbi halivunjiki. Mkondo kama huo unaweza kufikia mita 2 kwa sekunde, na mwogeleaji wa kawaida hashindani nao. Akanifundisha la kufanya ukikunasa: usipigane nao kurudi ufuoni, ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke kwenye ukanda, au jiache uelee na unyanyue mkono. Muda wote anaongea nami macho yake yalikuwa majini. Hakuniangalia hata mara moja, na nilimpenda kwa hilo.

Langoni kuna ubao ninaousoma kila ninapofika. Una saa za maji kujaa na kupwa za wiki nzima, na chini yake majibu ya vipimo vya maji. Nembo ya Blue Flag, inayopewa fukwe safi na salama, iliyoanzia Ufaransa mwaka 1985, hutaka maji yapimwe angalau mara moja kwa mwezi hivi katika msimu wa kuogelea na majibu yabandikwe watu wayaone. Ufukwe huu hauna nembo hiyo, lakini mara ya mwisho sampuli iliyobandikwa ilikuwa ya siku 12 tu. Anayemwingiza baharini mtu mwenye kinga dhaifu atajua kwa nini naanza kutazama hapo kabla ya kutazama mandhari.

Ubao huo huo ulinifunza kupanga safari. Tulikuja wakati wa bamvua mara moja, mwezi mpevu, na maji yalipokupwa bahari ilikimbia mbali mno, katikati yetu na maji pakabaki miamba mitupu. Siku hizi tunakuja maji mafu, siku za robo ya mwezi, ambapo bahari haiendi mbali. Kumbuka pia kwamba maji hujaa kwa kuchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa ya jana haikufai leo.

Kuna wanaolalamika kwamba eneo la magari likijaa lango linafungwa. Naelewa hasira ya aliyesafiri kutoka mbali akarudishwa, ila mimi niko upande wa mlinzi. Maya Bay ya Thailand ilibidi ifungwe mwaka 2018 kwa sababu ya wingi wa wageni na matumbawe yaliyoharibika, ikaja kufunguliwa Januari 2022, na boti haziruhusiwi tena kuingia ndani ya ghuba. Afadhali nirudishwe Jumamosi moja kuliko kukuta ufukwe umefungwa miaka.

Nyota moja nimeinyima, na nina sababu. Baada ya mkeka wote ule na kiti kile, mlango wa bafu una kizingiti cha karibu kiganja kimoja. Mama ametoka majini, ana furaha, analowa, anatetemeka, halafu inabidi abebwe kama mzigo mbele za watu ili akaoge chumvi. Nimewaambia wasimamizi safari tatu mfululizo na kizingiti bado kipo. Kipande cha ubao kilichoinamishwa kingetosha. Kivuli nacho kiko hatua 30 nje ya mkeka, yaani anayekihitaji zaidi ndiye asiyekifikia. Njoo na mwavuli wako. Na kiti kiko kimoja tu, kwa hiyo piga simu siku mbili kabla. Safari ya pili hatukupiga, tukasubiri karibu saa nzima juani.

Mama keshaniuliza maji mafu ya mwezi ujao yanaangukia lini. Nimepiga simu asubuhi hii, kiti ni chetu Alhamisi, saa 3.