Kanopi, hema la juu au turubai? Kabla ya kununua, ulizia vumbi

Asubuhi tulipoondoka, godoro lilikuwa limetandikwa shuka jeupe. Jioni, baada ya mwendo wa saa tatu kwenye barabara ya vumbi, nilifungua mlango wa kanopi, yaani kile kifuniko kigumu kinachofungwa juu ya bodi ya pikapu, nikakuta shuka lina rangi ya tofali. Niliinua mto, na chini yake pakabaki alama ya mto, nyeupe pe, na pembe zake zote nne. Mume wangu hakusema neno. Alitoa godoro, akaliegemeza kwenye tairi, akaanza kulipiga kwa kiganja, na kila alipopiga wingu lilipanda hadi mabegani mwake. Usiku huo tulilala mbele, viti vimelazwa, nami nikiwaza fedha niliyoitoa wiki mbili tu kabla.

Tulikuwa tumetoka kwenye kijumba. Nazungumzia kile kinachopakiwa kizima nyuma ya pikapu, chenye kitanda juu ya kebini, sinki, meza ya kukunja, makabati na tangi la maji. Watoto walipokuwa wadogo kilitufaa sana. Walipohama tukabaki tunabeba nafasi ya watu ambao hawapo. Kikiwa kitupu kilikuwa na zaidi ya kilo 400. Ongeza lita 80 za maji, ambazo ni kilo 80, mtungi wa gesi, friji, betri ya pili, vyombo, na sisi wawili mbele, hata pikapu inayoitwa ya tani moja inaanza kuhema. Springi za nyuma zilikuwa zimelala, na taa za mbele usiku zilimulika matawi ya miti badala ya barabara. Tukakiuza, na nilifurahi kukiona kikiondoka.

Kosa langu ni haraka. Nilinunua kanopi iliyotumika kwa muuzaji aliyeniapia kwamba ni ya Hilux. Kweli ilikuwa ya Hilux, ila ya umbo la zamani. Toyota walitoa umbo jipya mwaka 2015, na gari letu ni la 2017. Fundi alipoifunga ilikaa, bolti zikashika, na ukiitazama kwa mbali ilipendeza. Upande wa kulia kidole changu cha mwisho kilipita kati ya kanopi na ukingo wa bodi. Muuzaji akasema raba itajaza. Kwa hiyo ukienda kununua iliyotumika usitaje jina la gari peke yake. Taja mwaka na aina ya kebini, na uende na futi yako upime urefu wa ukingo, upana wa mbele na upana wa nyuma.

Nilinunua raba nene zaidi, tukaziba ukingo wote. Tukasafiri tena. Vumbi likaingia vilevile.

Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia, na ndilo linalonifanya niandike leo. Vumbi jingi halipitii kwenye kanopi yenyewe. Linapitia kwenye mlango wa nyuma wa bodi, ule wa kuangusha, na huo si mali ya mtengeneza kanopi. Ulitoka kiwandani na gari. Bodi ya pikapu imetengenezwa ili maji ya mvua yatoke, kwa hiyo ina mwanya chini kwenye bawaba, ina mianya miwili kwenye pembe za chini, na mara nyingi ina vitundu vya kutolea maji sakafuni. Bila kanopi hakuna anayejali. Ukishafunika juu umetengeneza chumba, na chumba chako hakina kizingiti.

Kisha kuna namna gari linavyokwenda. Likikata hewa, nyuma yake shinikizo la hewa hushuka, na vumbi linalorushwa na magurudumu hujaa hapohapo na kulifuata gari. Hewa iliyo ndani ya kanopi nayo huvutwa nje kupitia dirisha la pembeni uliloliacha wazi kidogo, au kupitia raba ya juu iliyochoka. Kilichotoka lazima kijazwe, nacho hujazwa kutokea chini, kwenye bawaba, mahali vumbi lilipo jingi kuliko popote. Ndiyo maana kufungua kidirisha cha pembeni ili hewa ipite huleta vumbi zaidi. Ndiyo maana pia kipimo cha maji hakitoshi. Muuzaji atakuchukulia mpira wa maji, ataimwagia kanopi juu mpaka chini, atakufungulia uone pakavu. Maji hutoka juu. Vumbi hutoka chini, na hunyonywa.

Fanyeni hivi kabla ya kulipa. Usiku, au ndani ya karakana yenye giza, mmoja aingie ndani ya kanopi na tochi kali, mlango wa nyuma ufungwe na komeo lishike. Aliye nje apige magoti na kutazama pembe za chini na mstari wa bawaba. Kila mahali mwanga unapopenya, vumbi litapenya. Halafu chukua karatasi ya kawaida, ibane kati ya raba na mlango, uvute. Ikitoka bila kukwama, raba haibani. Rudia kila baada ya kiganja kimoja kuzunguka mlango mzima. Kazi yote haimalizi nusu saa, na muuzaji anayeikataa amekwisha kukujibu.

Sasa nipange. Ukubwa, rangi na idadi ya madirisha hayo utayaona mwenyewe kwa macho. Mimi napanga kwa vumbi, na kwa kuwa tunapunguza, napanga kwa uzito pia.

Ya kwanza ni kanopi ya alumini yenye milango ya pembeni inayofunguka kwenda juu, na ukiniuliza jina nitakwambia Alu-Cab, bila kuzungukazunguka. Ni watengenezaji wa Afrika Kusini, na ndiyo tuliyo nayo sasa. Ninachokipenda ni namna raba inavyokaa. Mlango ukifungwa unasukuma raba nzima kwa pamoja, na makomeo yanaivuta mpaka unasikia mlango umekubali. Nimefungua mlango wa pembeni baada ya siku nzima ya vumbi nikapitisha kidole ndani ya fremu: upande wa nje wa raba kidole kilitoka chekundu, upande wa ndani kikatoka safi. Alumini pia haiozi kwa kutu kama bati, na inaruhusu kufungwa rafu kwa riveti bila kuogopa ufa. Haitibu mlango wa nyuma wa gari, na hakuna kanopi inayoutibu. Huo utauziba mwenyewe, nami nitaeleza jinsi. Lakini ukishauziba, kazi imekwisha, kwa sababu sehemu nyingine zote hazivuji.

Kuna watu wazuri wanaonipinga kwa kutaja SmartCap, ile ya chuma kisichoshika kutu inayokuja kwa vipande vitano na kuungwa nyumbani. Ni imara, na anayehama nayo ataishukuru. Mimi kila kiungo nakihesabu kuwa ni mahali pa kuziba, kwa hiyo kwangu inashika nafasi ya pili. Kanopi za faiba nazo ni nzuri zikiwa mpya na zikiwa zimetengenezwa kwa ajili ya gari lako hasa. Tazama mlango wa nyuma wa kioo: kwenye nyingi ni kioo kitupu kinachoshuka juu ya raba, bila fremu, kikishikwa na makomeo mawili. Katikati, kati ya komeo na komeo, ndipo karatasi yako itakapotoka bila kukwama.

Ya tatu ni hema la juu ya gari, lile lenye ganda gumu. Silipendi kama wenzangu wanavyolipenda, ila kwa upande wa vumbi ganda lenye raba nzuri linajitahidi. Lile la kufunikwa kwa kifuniko cha turubai na zipu, vumbi huingia kwenye meno ya zipu, na zipu yenye vumbi ina siku chache za kuishi. Tatizo kubwa ni uzito. Mengi yako kati ya kilo 45 na 90, na uzito huo uko juu kabisa, gari likiyumba nao unayumba. Keria na paa la kanopi vina viwango viwili vya mzigo: gari likiwa linatembea, na gari likiwa limesimama. Kiwango cha kutembea ndicho kidogo, nacho ndicho cha kukilinganisha na uzito wa hema. Muuzaji hupenda kukutajia kile kikubwa. Na ukitaka kwenda dukani asubuhi, lazima ukunje nyumba nzima kwanza.

Hema la chini na turubai ndivyo rahisi kuliko vyote na havina kosa. Weka hema kwenye mfuko wake, mfuko uingie kwenye sanduku lenye kifuniko, basi. Kama unalala nje mara mbili kwa mwaka, usisome zaidi ya hapa.

Kijumba kipya chepesi, cha paa la kuinuka? Sikipangi. Mtu anayepunguza asirudi mlango uleule kwa sababu umepakwa rangi nyingine.

Kuhusu urefu wa kulala niseme kwa ufupi. Pikapu ya milango minne kwa kawaida ina bodi ya mita 1.5 hivi, na watu wengi hawalali hapo wakanyooka. Wengine hulala mshazari, wengine huangusha mlango wa nyuma miguu ikapita, na hapo unahitaji chandarua cha kuziba nyuma. Yetu ni ya kebini moja na nusu, bodi yake inakaribia mita 1.8, na sisi si warefu. Ya kebini moja ina zaidi ya mita 2 na hailalamikiwi na mtu. Jenga jukwaa la plaiwudi juu ya uvimbe wa magurudumu, masanduku yakae chini, godoro la sponji juu. Droo za chuma za kuvuta ni nzuri kutazama, lakini zipime kabla hujazinunua. Zenyewe tupu zinaweza kurudisha nusu ya uzito uliotoka kuuza.

Sasa kuziba. Tumia raba ya EPDM, ile nyeusi yenye umbo la herufi D na tundu katikati, kwa sababu jua haliimalizi haraka kama linavyomaliza sponji ya gundi. Safisha chuma kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, subiri kikauke, ndipo ubandike. Chini kwenye bawaba weka ukanda mpana wa raba bapa unaolala juu ya mwanya wote, ushikwe upande wa sakafu peke yake ili mlango uweze kuanguka. Pembe mbili za chini ndizo zinazowashinda mafundi wengi. Raba ya wima na ya mlalo zikikutana kwa kukatwa sawasawa huacha tundu dogo la pembetatu, na tundu hilo linatosha kulibadilisha shuka rangi. Acha moja ipite juu ya mwenzake. Vitundu vya sakafuni vizibwe kwa vizibo vya raba vinavyotoka, ili siku ya kuosha maji yapate njia.

Mwisho wa kuziba, fungua tundu moja tu la hewa, mbele au juu ya paa, linalotazama mbele, kwenye hewa safi. Gari likienda, hewa itaingia hapo na kusukuma kutoka ndani, na vumbi la nyuma litakuta upepo unaotoka badala ya unaoingia. Ukiwa nyuma ya gari jingine, achia umbali au ulifunge. Usiku hali inageuka: fungua matundu, kwa sababu pumzi za watu wawili hugeuka maji kwenye alumini na kudondokea blanketi. Na jiko, la gesi au la mkaa, lisiwashwe ndani hata kwa kuchemsha chai. Hewa ya kaboni monoksaidi, ile sumu inayotoka kwenye moto, haina harufu, na chumba ulichokiziba vizuri hivyo hujaa hewa hiyo haraka.

Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba wauzaji wanajua haya yote. Nilipomrudia yule wa kwanza, hakushangaa hata kidogo. Alifungua kabati nyuma yake akatoa pakiti ya raba ya mlango wa nyuma, imechapwa picha ya mlima na hema, akanitajia bei iliyonikausha mdomo. Raba hiyohiyo, umbo lilelile, niliikuta baadaye kwa muuza vipuri vya milango ya magari, inakatwa kwa mita, kwa sehemu ndogo tu ya bei ile. Kumbe siku niliponunua kanopi pakiti ilikuwa pale kabatini, na alinitazama nikiondoka bila kuitaja. Aliyetuuzia Alu-Cab, nilipomuuliza habari za mlango wa nyuma, alipiga magoti akanionyesha mianya yote mitatu kwa kidole kabla sijatoa tochi yangu mkobani.