Mastodon au Briar kwa sisi wa Dar?

Intaneti ilipozimwa tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, ndo wengi tukaelewa hii mada ya app zisizo na bosi mmoja, maana simu ina chaji, bando lipo, ila huwezi hata kumuuliza mama kule Mbagala kama yuko salama. Mastodon, mtandao wa kijamii kama X (Twitter), iliyoanza 2016, haina bosi mmoja, ni seva kibao (kompyuta zinazotunza akaunti za watu) zinazowasiliana zenyewe kwa zenyewe, ukichoka seva yako unahamia nyingine na wafuasi wako wanakufuata (posti za zamani ndo zinabaki). Kwa kufuatilia habari na kukutana na watu wa mbali iko poa sana. Ila bila intaneti haina kazi. Briar sasa, app ya kuchati, haitegemei seva kabisa, meseji zinakaa kwenye simu zenu, mtandao ukiwepo zinapita Tor (njia ya intaneti inayoficha nani anawasiliana na nani), ukikatwa zinapita Bluetooth au Wi-Fi, so watu wa jengo moja Kariakoo wanaendelea kuchati kama kawa. Lakini kwa simu ni Android tu, ukisahau paswedi akaunti ndo imeenda, na Bluetooth ya Kariakoo haifiki Mbagala jamani. Mi naona weka zote, ila Briar anza nayo leo, muongezane na majirani kwa kuskani QR mapema.