Sherifu wa Mayberry alivyoingia sebuleni kwa Baba, Njoro

Nilizipata DVD za The Andy Griffith Show, vichekesho vya zamani vya televisheni ya Marekani, kwa muuza filamu na vitabu vya mitumba hapa Nakuru, misimu mitano ya kwanza, ile ya picha nyeusi na nyeupe, vipindi 159. Diski moja ilikuwa na mikwaruzo, akanibadilishia bila maneno. Nikampelekea Baba, kule Njoro.

Baba ni konstebo mstaafu. Sisi watoto wake tulilelewa laini ya polisi, nyumba ya chumba kimoja, pazia katikati. Kwa hiyo nilitaka kumwona akiangalia Mayberry, mji wa kubuniwa wa North Carolina ambako Sherifu Andy Taylor hutembea bila bastola, na naibu wake Barney Fife amepewa risasi moja tu, tena aiweke mfukoni mwa shati. Don Knotts anayemwigiza Barney alishinda Emmy tano, tuzo za televisheni za Marekani, na alizistahili. Mikono yake peke yake inaigiza.

Kipenzi cha Baba ni Otis, mlevi wa mji. Akishalewa anakuja mwenyewe kituoni, anachukua ufunguo uliotundikwa ukutani, anajifungia selo alale. Asubuhi anajifungulia. Baba alinyamaza hapo, kisha akasema, "Wikendi selo ilijaa watu hivi. Wengine ni majirani. Ukimpiga leo, kesho mnakutana kwa posho mill." Sijawahi kumsikia akizungumzia kazi yake namna hiyo.

Lafudhi ya Kusini mwa Marekani ni ngumu. Ilibidi nikae kando yake nimtafsirie.

Lakini mimi liliniuma jambo lingine. Kipindi kilianza Oktoba 3, 1960. Februari 1 mwaka huohuo, Greensboro, jimbo hilohilo, wanafunzi wanne weusi walikaa kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth, iliyokuwa ya wazungu tu, wakanyimwa huduma, na hawakuinuka. Mayberry haina habari hiyo. Watu weusi wanapita tu kwa nyuma, kimya. Katika miaka minane ni mmoja tu aliyepewa nafasi ya maana ya kuzungumza, Rockne Tarkington, nayo ni 1967. Baba aliliona kabla sijamwambia: "Na wetu je, huyu sherifu aliwafungia wapi?"

Bado nasema nunua, na ukae na mzee wako muangalie pamoja. Misimu mitatu ya rangi iache, Barney alishaondoka, anarudi kama mgeni tu. Baba amebakiza diski mbili na ameniomba Jumapili nisiondoke kabla hajamaliza chai, tuanze na Otis tena.