Nimekamilisha Brashi kwa Mikono Yangu Kumano: Je, Warsha Hii Inastahili Safari na Fedha?

Karibuni tena, watazamaji wapendwa. Hii ninayoisogeza karibu na kamera ni brashi ya kuandikia, ambayo Wajapani huiita fude, na ninaomba muitazame ncha yake vizuri kabla sijasema lolote, kwa sababu sehemu kubwa ya uchambuzi wa leo itazunguka hapo hapo kwenye ncha. Nimeikamilisha kwa mikono yangu katika karakana moja ya familia mjini Kumano. Neno “nimeikamilisha” nimelichagua kwa makusudi, kwa maana tangazo lilisema kwamba nitatengeneza brashi yangu mwenyewe, na baina ya kutengeneza na kukamilisha pana masafa.

Wengi wenu mnajua shodo, sanaa ya Kijapani ya kuandika kwa brashi na wino, kwa hiyo sitarudia. Kuhusu mji wenyewe nitasema machache tu. Kumano uko katika Mkoa wa Hiroshima, umezungukwa na milima, hauna stesheni ya treni na hufikiwa kwa basi, lakini takriban asilimia 80 ya brashi zinazotengenezwa Japani hutoka huko. Sababu yake inaanzia kwenye uhaba wa mashamba: wakulima wa Kumano walikuwa wakienda kufanya vibarua upande wa Nara msimu wa kilimo unapokwisha, na wakati wa kurudi walinunua brashi na wino wakavichuuza njiani, hadi katika karne ya 19 vijana wao walipokwenda kujifunza ufundi wenyewe na kuuleta nyumbani. Mwaka 1975 serikali iliziingiza brashi za Kumano katika orodha ya kazi rasmi za ufundi wa jadi.

Sasa nianze na kilichoniudhi. Nilipoingia karakanani nilikuta mezani mafungu ya manyoya yaliyokwisha kuchambuliwa, kupangwa, kufungwa na kuwa vichwa vya brashi, na mipini ya mianzi imepangwa kando. Kazi ya mgeni ilikuwa kukitia kichwa ndani ya mpini kwa gundi, kukilowesha na kukipa umbo. Basi. Brashi ya Kumano hupitia hatua zaidi ya 70, na mimi nilikabidhiwa zile za mwisho ambazo hata zikienda mrama fundi anaweza kuzirekebisha. Nilisafiri kutwa nzima, nimelipa, nimevaa aproni, halafu naambiwa chakula kimekwisha kuiva na kazi yangu ni kupakua. Nusu saa ya kwanza nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba video hii itakuwa ya malalamiko kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Fundi wetu, mama mtu mzima mwenye vidole vyepesi kama vya msusi, nadhani aliuona uso wangu. Kupitia mkalimani aliniuliza kama ningependa kujaribu hatua ya mwanzoni, nami nikakubali upesi. Alichukua manyoya ya mbuzi, akayanyunyizia majivu ya kumvi za mpunga, akayapitishia pasi ya moto, kisha akayafunga ndani ya ngozi ya kulungu na kuyasugua kwa kuyabiringisha chini ya viganja. Majivu hunyonya mafuta, na pasi huyanyoosha manyoya yaliyojikunja. Manyoya yenye mafuta hayashiki wino, jambo ambalo yeyote aliyewahi kumwaga maji juu ya mgongo wa bata atalielewa. Baada ya hapo aliyapanga ncha zote upande mmoja, akashika kisu kidogo kisicho kikali, akaanza kuyapitia manyoya kwa kidole gumba na ubapa wa kisu, akichomoa moja hapa na moja pale. Alikuwa anaondoa yaliyogeuka kichwa chini na yale ambayo ncha zake zimekatika.

Nikapewa kisu. Watazamaji, nilichomoa manyoya kama ishirini hivi, nikamwonyesha kwa fahari, naye akayatandaza juu ya karatasi nyeusi, akayaangalia, akacheka kwa adabu. Karibu yote yalikuwa mazima. Mabovu nilikuwa nimeyaacha ndani. Yeye huyatambua kwa kuyagusa, mimi hata kwa kuyakodolea macho sikuona tofauti. Anayetaka kuufanya mtihani wa kitaifa wa fundi wa kazi za jadi sharti awe na uzoefu wa miaka 12 au zaidi, na pale ndipo nilipoelewa kwa nini mgeni wa saa mbili hukabidhiwa hatua za mwisho. Malalamiko yangu juu ya tangazo yako pale pale, kwa sababu lilipaswa kusema ukweli, ila malalamiko juu ya warsha yenyewe nimeyafuta.

Turudi kwenye ncha. Babu yangu alifundisha chuoni, na aliandika kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi. Kabla ya kuandika alikuwa akiuchonga mwanzi, akaukata mkato wa mshazari, na unene au wembamba wa herufi zake ulitokana na mkato ule. Kwake yeye, kalamu isiyokatwa ilikuwa kijiti tu. Kumano nilikutana na kinyume chake: ncha ya brashi haikatwi kamwe. Manyoya yanapohitaji kupunguzwa urefu, hukatwa upande wa mzizi, kwa sababu kila unyoya huelekea kuwa mwembamba kwenye ncha yake ya asili, na wembamba huo hakuna mkasi unaoweza kuutengeneza. Ukikata, unabaki na kifungu cha vijiti butu.

Angalieni. Mkono wa kulia nimeshika brashi ya Kumano, na wa kushoto nimeshika brashi ya bei poa niliyoinunua dukani, ambayo ncha zake zimepunguzwa kwa mkasi. Nazichovya zote mbili majini. Zikiwa zimelowa mnaweza kudhani ni ndugu. Sasa nazikandamiza kwenye karatasi, ninazungusha kidogo, ninainua taratibu. Ya dukani imebaki imetawanyika kama mswaki uliotafunwa. Ya Kumano, hebu niisogeze zaidi, imejikusanya yenyewe, na mwisho wake ni mwembamba hata kamera inapata tabu kuuona. Narudia. Nakandamiza, nainua, imerudi. Nakandamiza kwa ubavu, nainua, imerudi tena. Ningeweza kufanya hivi hadi jioni, na mhariri wangu ananiambia kwamba kwenye mkanda ambao haujakatwa nimefanya mara kumi na nne.

Kurudi huko kuna kazi gani? Kuna kazi kubwa unapofika kwenye somo la kuandika, ambalo lilichukua saa ya pili. Tulipewa karatasi ya hanshi, mkeka mweusi wa kuweka chini yake, uzito wa chuma wa kuikandamiza, na jiwe la kusagia wino. Herufi tuliyopewa ilikuwa “ei”, yenye maana ya milele, ambayo walimu huipenda kwa sababu ndani yake mna mikwaju minane ya msingi ya uandishi. Upo mkwaju unaosimama mwishoni kwa kutua, upo unaorushwa juu kama ndoana, na upo unaofagia kwenda kulia, unene ukiongezeka kisha ukipotea taratibu. Huo wa kufagia ndio ulionitoa jasho. Unaikandamiza brashi hadi inapanuka, halafu unaivuta huku unaiinua, nayo inapaswa kujikusanya njiani ili mkwaju uishie kwenye ncha moja. Kwa brashi ya dukani, ambayo niliijaribu baadaye nyumbani, mkwaju huo unaishia na mistari miwili au mitatu ya kando kama nyayo za kuku.

Lipo jambo dogo ambalo watu wa Paje na Jambiani watalifurahia. Gundi inayotumika kuipa brashi umbo lake la mwisho hupikwa kwa mwani, uitwao funori. Si ule tunaoulima Zanzibar, lakini harufu yake ilinirudisha ufukweni mara moja. Unalichovya fungu la manyoya humo, unazungusha uzi kulizunguka, kisha unaupindapinda mpini huku uzi unakamua gundi iliyozidi, na brashi inatoka na umbo la chipukizi. Mimi nilikaza uzi kupita kiasi, ncha ikapinda upande mmoja, na mama fundi akainyoosha kwa vidole viwili bila hata kuacha mazungumzo aliyokuwa nayo na mkalimani.

Mtaniuliza kuhusu washindani, maana maoni chini ya video iliyopita yalijaa swali hilo. Nilihudhuria pia darasa la kuandika katika jiji moja kubwa, ambalo jina la mwenyewe sitalitaja. Nilitozwa karibu mara mbili ya bei ya Kumano, nikavishwa kimono, nikapigwa picha nyingi, nikapewa wino wa chupa na brashi ngumu ambayo hakuna aliyenieleza imetokana na nini. Dakika za kuandika hazikufika ishirini. Anayetafuta picha ataridhika, nami simlaumu. Upande wa Nara, ambako wino mwingi wa Japani hutengenezwa, kuna karakana zinazomruhusu mgeni kufinyanga kipande cha wino ungali laini kama unga wa chapati, masizi yamechanganywa na gundi ya wanyama, ukaondoka na alama za vidole vyako zimebaki juu yake. Hilo nalipenda mno, isipokuwa wino huo huhitaji kukaushwa kwa muda mrefu kabla ya kusagwa. Msimu wa kuutengeneza pia ni wa baridi, kwa hiyo aliye na likizo ya Agosti asijisumbue.

Bei niliyolipa Kumano, pamoja na brashi ya kuondoka nayo, ilikuwa chini ya yeni 5,000. Nauli ya kutoka jijini Hiroshima kwa basi ni ndogo ukilinganisha na treni za mwendo kasi mtakazokuwa mmeshazilipia. Mkifika huko, pitieni pia Fude no Sato Kobo, jumba la makumbusho la brashi lililofunguliwa mwaka 1994, ambalo lina brashi ya urefu wa mita 3.7 na uzito wa kilo 400. Mafundi huonyesha kazi yao humo, na mnaweza kuangalia uchambuaji wa manyoya bila kuharibu manyoya ya mtu kama nilivyofanya mimi. Dada zangu mnaopenda vipodozi, andaeni pochi: baada ya vita, somo la kuandika kwa brashi lilipoondolewa kwa muda shuleni, mafundi wa Kumano waliingia kwenye brashi za kuchorea na za vipodozi, na mwaka 2011 wachezaji wa timu ya taifa ya wanawake walioshinda Kombe la Dunia la soka walizawadiwa na serikali seti za brashi hizo. Nilinunua moja ya poda. Dada yangu ameichukua na hajairudisha.

Kuhusu chaneli, video ya wiki ijayo itachelewa kwa siku mbili, kwa sababu wino uliingia kwenye kipaza sauti na fundi wa Kariakoo bado anacho.

Mwisho, utunzaji, kwa sababu wengi huiua brashi siku ile ile wanayoizindua. Brashi mpya ni ngumu kwa ile gundi ya mwani. Ikiwa ni nene, ilainisheni kwa vidole hadi karibu na mpini. Ikiwa nyembamba, ncha peke yake inatosha. Baada ya kuandika, iosheni kwa maji matupu pasipo sabuni, mkibinya mzizini, kwa sababu wino ukikaukia pale manyoya hutanuka na ncha haijikusanyi tena. Kisha itengenezeni umbo kwa vidole, muitundike ncha ikielekea chini. Ninaifanya hapa mbele yenu ili muone muda unaohitajika. Maji ya kwanza ni meusi tititi. Ya pili ni ya kijivu. Haya ni ya saba, na ninapobinya hapa mzizini, tazameni, bado kuna weusi unaotoka.